Kihariri gani kinamfaa anayeanza HTML?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina wiki mbili tangu nianze kujifunza HTML peke yangu. Mmoja ananiambia Notepad inatosha, mwingine anasema bila Dreamweaver nitapoteza muda, na kwenye video zote naona VS Code. Kompyuta yangu ni ya Windows 10, RAM GB 4. Nilianza na Notepad: nikaandika ukurasa wangu wa kwanza, nikaufungua, lakini badala ya kichwa cha habari nikaona `<h1>` na mabano yake yote yametapakaa kwenye skrini. Kosa ni la Notepad? Nichague kihariri kipi? Na kompyuta ikiwa mbali, simu inafaa?

Jibu: Marahaba. Tuanze na hayo mabano, maana nusu ya jibu imo humo.

Karibu nina hakika kwamba faili lako haliitwi `index.html`. Linaitwa `index.html.txt`. Notepad isipoelekezwa vinginevyo hubandika `.txt` mwishoni mwa jina, na Windows nayo, ikiachwa ilivyokuja, huficha viendelezi vya majina ya mafaili, yaani vile vipande vya mwisho kama hiyo `.txt`. Wewe unaona `index.html`, roho inatulia. Kivinjari kinaona `.txt`, kwa hiyo kinachukulia kwamba hayo ni maandishi ya kawaida na kuyaonyesha kama yalivyo, mabano na yote. HTML yako huenda haina kosa hata moja.

Fungua folda yenye faili hilo, ingia kwenye menyu ya View, weka tiki kwenye File name extensions. Jina lote litajitokeza. Futa `.txt`, ikubalie Windows inapokuuliza kama una uhakika, kisha bofya faili mara mbili. Siku nyingine ukihifadhi kutoka Notepad, chagua All Files kwenye aina ya faili kabla hujabonyeza kuhifadhi. (Wenye Mac wana kisa chao: TextEdit huanza na maandishi yenye mapambo, na lazima kwanza uingie Format, uchague Make Plain Text.) Hiyo tiki ya viendelezi usiiondoe tena.

Sasa uchaguzi wenyewe. Tumia VS Code ikiwa kompyuta yako itaibeba. Ikilemewa, chukua Notepad++, ambayo si Notepad unayoijua ingawa majina yanafanana. Dreamweaver iache. Sababu zangu zote zinatoka kwenye tabia moja ya HTML ambayo wanaoanza huwa hawaambiwi.

HTML hailalamiki. Ukikosea kwenye lugha ya programu ya Python, kompyuta inagoma na kukutajia mstari wenye kosa. Kivinjari hakifanyi hivyo kwa HTML: kimeundwa kusamehe. Kikikuta tagi (zile alama za HTML zilizo ndani ya mabano) iliyosahaulika kinakisia ulichokusudia, kinaziba pengo, kinaonyesha ukurasa, na hakikuambii neno. Tazama mistari hii miwili:

```
<h1>Karibu kwenye ukurasa wangu<h1>
<p>Hapa nitaandika habari za bustani.</p>
```

Kilichokosekana ni mkwaju mmoja tu kwenye tagi ya pili. Kivinjari hakioni tagi ya kufunga. Kinaona kichwa cha habari kipya kimeanza. Basi kinafunga cha kwanza kwa niaba yako, kinafungua cha pili, na aya yako inaishia ndani yake. Utaona maandishi yote yaliyofuata yamekuwa makubwa na meusi, hadi kichwa kingine cha habari au mwisho wa ukurasa. Hakuna ujumbe wa kosa popote. Mwanafunzi anaanza kuhangaika na ukubwa wa herufi kwenye CSS (lugha ya kupamba ukurasa), saa nzima, na tatizo liko kwenye mkwaju.

Kwa hiyo mtu anayeanza anahitaji kihariri kitakachosema pale kivinjari kinaponyamaza. Hicho ndicho kipimo changu, na ndicho kinachoiondoa Notepad. Ndani ya Notepad kila kitu kina rangi moja: tagi, jina la klasi (lile ambalo CSS huitambulia tagi), sentensi ya kawaida, kosa. Kivinjari kimya, kihariri kimya, na wewe katikati. Wanaokushauri ukae na Notepad miezi mitatu ili ukomae wana nia njema, lakini sijaona faida yake. Mimi huiwekea zoezi moja tu: siku moja, bila kuangalia popote, andika kwa kumbukumbu mifupa ya ukurasa kuanzia `<!DOCTYPE html>` hadi `</html>`. Ukiweza, Notepad imemaliza kazi yake kwako.

Dreamweaver ina kasoro ya upande mwingine. Yenyewe haikunyamazii tu, inakufichia. Sisemi ni programu mbovu. Ilitoka mwaka 1997 mikononi mwa Macromedia, baadaye ikawa ya Adobe, na watu wengi wamejenga tovuti nzuri nayo. Tena hamu ya kutengeneza ukurasa bila kugusa tagi ni ya zamani kama wavuti wenyewe: programu ya kwanza ya wavuti, ambayo Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, aliiandika mwaka 1990 akiwa kituo cha utafiti cha CERN, ilikuwa kivinjari na kihariri kwa pamoja. Lakini wewe hujaja kutengeneza ukurasa tu, umekuja kujifunza kinachoufanya usimame. Ukiburuta picha na kisanduku kwa kipanya, HTML inaandikwa na mtu mwingine, na siku ukurasa utakapopinda utafungua msimbo usioujua. Kweli, Dreamweaver ina upande wa msimbo pia. Ila anayeanza, akiwa na njia mbili mbele yake, atapita ile isiyochosha. Ongeza kwamba inalipiwa kila mwezi au kila mwaka, na kwenye RAM ya GB 4 itakutesa.

Kuna na programu za kuandikia barua na ripoti, zile zenye fonti na kando za ukurasa. Hukuziuliza, lakini nazitaja kwa sababu zilinipotezea jioni nzima nilipokuwa naanza. Nilikuwa nimeandika rasimu ya ukurasa humo, nikainakili na kuibandika kwenye kihariri. HTML ilionekana safi kabisa, CSS haikushika. Niliandika upya kanuni zote za CSS mara mbili. Mwisho nikasogeza macho karibu na skrini:

```
<p class=“kichwa kikuu”>
```

Zitazame hizo alama za kunukuu. Zimepinda. Programu ile ilikuwa imezipinda yenyewe ili barua ipendeze. HTML inataka zile zilizonyooka. Kivinjari hakikuona alama za kunukuu hapo; kilisoma kwamba jina la klasi ni `“kichwa`, na alama imo ndani ya jina, kisha `kikuu”` kikaichukua kama sifa nyingine isiyojulikana. Nacho, kama kawaida yake, kikanyamaza. Katika kihariri cha msimbo unaziandika mwenyewe nazo zinabaki zimenyooka.

Tuje VS Code. Ni ya Microsoft, ilitangazwa 2015, haina malipo, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukiifungua mara ya kwanza itakutisha kwa wingi wa vitufe. Vipuuze. Mambo machache tu ndiyo utakayoyahitaji mwezi huu wa kwanza.

Fungua folda, usifungue faili. Tengeneza folda moja ya zoezi, halafu ndani ya VS Code ingia File, chagua Open Folder. Ukifanya hivyo mafaili yako yote yanaorodheshwa kushoto, na unapoandika njia ya picha au ya faili la CSS, kihariri kinakupendekezea majina yaliyomo kweli. Jina lisipotokea kwenye mapendekezo, karibu kila mara umekosea herufi au faili liko kwingine. Hiyo ni sauti ya kwanza uliyoikosa kwenye Notepad.

Tengeneza faili jipya, liite `index.html`, andika alama ya mshangao `!` peke yake, bonyeza kitufe cha Tab. Mifupa ya ukurasa itashuka yote. Hiyo ni kazi ya Emmet, zana inayogeuza vifupisho kuwa HTML kamili, ambayo imo ndani ya VS Code bila kusakinisha kitu. Ukiandika `ul>li*3` ukabonyeza Tab utapata orodha yenye vipengele vitatu. Ni tamu, na ndiyo maana nilitaka kwanza uandike mifupa kwa mkono angalau siku moja.

Hapo kwenye mifupa simama kidogo, mstari wa pili. Emmet huandika `<html lang="en">`, yaani inakitangazia kivinjari kwamba ukurasa wako ni wa Kiingereza. Wewe unaandika Kiswahili. Badilisha iwe `lang="sw"`. Kwa macho hutaona tofauti, lakini programu zinazowasomea wasioona huchagua matamshi kwa kuangalia hapo, na kivinjari hupata dalili ya lugha kabla ya kujitolea kutafsiri. Nimeona tovuti za Kiswahili tupu, za watu wazoefu, zinazojitangaza kuwa za Kiingereza kwa sababu hakuna aliyegusa mstari huo. Ukichoka kubadilisha kila mara, tafuta `emmet.variables` kwenye mipangilio na uweke `lang` iwe `sw`.

Mstari mwingine wa kuulinda ni `<meta charset="UTF-8">`. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida, hivyo mtu anaweza kukaa mwaka mzima asione umuhimu wake. Halafu siku moja anabandika neno ng’ombe lenye ritifaa iliyopinda, na kwa sababu mstari ule haupo, ukurasa unamwonyesha ngâ€™ombe. Faili limehifadhiwa kwa mtindo mmoja, kivinjari kimelisoma kwa mwingine. VS Code huhifadhi kwa mtindo huo wa UTF-8 bila kuulizwa. Wewe kazi yako ni kukitaarifu kivinjari.

Ukiandika `<p>`, VS Code inaweka `</p>` yenyewe. Wengi hawatambui, wanafunga tena kwa mkono. Tagi ya kufunga iliyozidi mara nyingine haina madhara, lakini `</div>` moja ya ziada inafunga kisanduku cha nje kabla ya wakati wake, na nusu ya ukurasa inamwagika nje ya mpangilio. Kwa hiyo macho yawe kwenye skrini, si kwenye kibodi.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote humo ni kupanga msimbo: Shift, Alt na F kwa pamoja. Kila tagi inasogezwa ndani kulingana na ilipo. Wengi wanaichukulia kama usafi tu. Kwa mwanafunzi ni kipimo cha homa. Ukisahau kufunga `div` mahali fulani, mistari yote inayofuata itabaki imesogea kulia kuliko inavyostahili. Fuata ukingo wa kushoto kwa jicho kutoka chini kwenda juu. Pale ulipoanza kuhama ndipo penye kosa, au jirani yake.

Angalia pia kidoa cheupe karibu na jina la faili, juu. Maana yake hujahifadhi. Maswali mengi ninayopata ya aina ya “nimebadilisha rangi, ukurasa haubadiliki” yanaishia kwenye kidoa hicho. Unaweza kuwasha Auto Save kwenye menyu ya File.

Nyongeza moja tu ndiyo ninayokushauri usakinishe sasa: Live Server. Ukishaiweka, kitufe cha Go Live kinatokea chini kulia. Ukikibonyeza, ukurasa unafunguka kwenye kivinjari na kujisasisha kila unapohifadhi. Inahitaji ukurasa wako uwe na tagi ya `head` au `body`, la sivyo haitajisasisha. Na anwani utakayoiona, `127.0.0.1:5500`, si tovuti iliyo hewani. Namba hiyo maana yake ni “kompyuta hii hii.” Usimtumie rafiki kiungo hicho ukashangaa kwamba hakioni, kwake kinafungua kompyuta yake mwenyewe.

Nyongeza nyingine mia zitakazopendekezwa kwenye video, za kubadilisha rangi na aikoni, ziache zisubiri. Msaidizi wa akili bandia anayekamilisha mistari mzime pia kwa sasa. Simchukii, namtumia kazini. Lakini anaandika jibu kabla hujajiuliza swali, na mwanafunzi anayebonyeza Tab kukubali kila pendekezo amerudi kule kule kwa Dreamweaver: HTML imeandikwa na mwingine.

RAM ya GB 4 inatosha? Kwa karatasi, ndiyo. Microsoft wanaomba RAM ya GB 1 na prosesa ya GHz 1.6. Ila VS Code imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake imebeba injini ya kivinjari cha Chromium, na wewe utafungua kivinjari kingine pembeni. Ukiweka na video ya mafunzo ikicheza, kompyuta itaanza kuhema. Kwa hiyo punguza vichupo vya kivinjari, usiongeze nyongeza, ijaribu siku tatu. Ikiendelea kuhema, hamia Notepad++ bila kuona haya. Ni ya Windows pekee, ipo tangu 2003, haina malipo, ni nyepesi mno, inapaka tagi rangi na ukiweka kielekezi kwenye tagi inakuonyesha mwenzake. Kufunga tagi kwenyewe utakuwashia kwenye mipangilio ya Auto-Completion. Utakosa Live Server, basi utahifadhi na kubonyeza F5 kwenye kivinjari. Sublime Text nayo ni nyepesi na inajaribiwa bila kikomo cha siku, ila itakukumbusha kununua mara kwa mara. Wa Linux waangalie Geany au Kate.

Ukikuta mafunzo yanayokuambia usakinishe Atom au Brackets, ujue ni ya miaka iliyopita. Adobe waliacha kuihudumia Brackets Septemba 2021, na GitHub waliifunga Atom tarehe 15 Desemba 2022. HTML iliyomo kwenye mafunzo hayo bado inaweza kuwa sahihi. Mafaili yako ni maandishi matupu, yanafunguka kwenye kihariri chochote, kwa hiyo huolewi na chaguo la leo.

Hata kihariri kizuri hakisemi kila kitu. Ukimaliza zoezi, peleka msimbo wako kwenye validator.w3.org, mkaguzi wa bure wa W3C, shirika la viwango vya wavuti. Ule mkwaju uliokosekana kwenye `h1` atauona na kukutajia mstari. Orodha ya makosa ikiwa ndefu usiogope: sahihisha la kwanza, kagua tena, mara nyingi matano mengine yanaondoka nalo. Na ndani ya kivinjari bonyeza F12 uone HTML kama kivinjari kilivyoielewa baada ya kukisia kwake. Ilinganishe na uliyoiandika. Panapotofautiana, kosa liko hapo.

Simu inafaa kwa mazoezi mafupi. Kwenye Android jaribu Acode au Spck Editor. Zote zinapaka rangi na zinaonyesha ukurasa hapo hapo. Kabla ya kuanza, zima usahihishaji wa maneno kwenye kibodi, maana utakugeuzia majina ya klasi ya Kiswahili kuwa maneno ya Kiingereza usiyoyajua. Kwenye iPhone zima na Smart Punctuation, kwa sababu ndiyo inayopinda zile alama za kunukuu. Kutafuta mabano kwenye kibodi ya simu kutakuchosha baada ya mistari thelathini, na F12 haipo, hivyo mpangilio mzito wa CSS uache hadi urudi kwenye kompyuta. Utakapohamisha kazi, hamisha folda nzima, si faili la HTML peke yake, na majina ya picha yaandike kwa herufi ndogo bila nafasi tangu mwanzo. Windows haijali kama umeandika `Bustani.JPG` au `bustani.jpg`, lakini seva nyingi zinajali, na picha itakayokataa kuonekana siku ya kwanza hewani huwa ni hiyo.